The Necks wametoa albamu ya saa tatu: wanaobuni palepale jukwaani, nani anaamua kwamba ngoma imekwisha?

Msikilizaji wa Kimara #1

Wakuu, salaam.

Kwa wasiowafahamu, The Necks ni watu watatu wa Sydney, Australia. Chris Abrahams anapapasa piano, Lloyd Swanton yuko na besi lile kubwa la mbao linalopigwa limesimama, Tony Buck yuko kwenye dramu. Wako pamoja tangu 1987, hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Oktoba 2025 wameachia albamu inaitwa Disquiet: CD tatu, vipande vinne tu, ukivijumlisha unapita saa tatu. Kimoja, Ghost Net, kinapita dakika 70. Nilikibonyeza Kimara nikisubiri mwendokasi, nimeshuka Kivukoni jamaa bado wanacho.

Sitaki tubishane kama ni muziki au kelele, huo ubishi tuwaachie wenye muda. Mimi nauliza hivi. Hawa wakipanda jukwaani hawapangi kitu. Mmoja anaanza na noti mbili tatu, wenzake wanaingia kwa wakati wao, wanarudiarudia huku kitu kinageuka polepole, unakuja kushtuka baada ya nusu saa kwamba mmefika kwingine kabisa. Wanakwenda hivyo karibu saa nzima, halafu kinaisha. Hakuna ubeti wa mwisho wala kiitikio, hakuna wa kuhesabu moja mbili tatu. Nani anaamua kwamba imetosha?

Dai langu: ni mpiga dramu. Yeye akilegeza, wawili waliobaki hawana pa kukanyaga. Wenye hoja tofauti waje.

Kitasa #2

Dakika 70 ngoma moja. Kuna watu mna bando humu.

Mlugaluga #3

Nimevuta kiti mbele, nasubiri nondo.

Fundi Mitambo #4

Mleta mada umechanganya vitu viwili, ngoja nikutenganishie.

Laivu ni kweli, wanaanza bila makubaliano na wanapiga mpaka kiishe. Lakini Disquiet ni kazi ya studio, na The Necks wakiingia studio ni watu wengine. Wanapiga, kisha wanaongeza juu yake. Abrahams anaweka piano halafu anarudi na ogani, Buck anaweka dramu halafu anachukua gita la umeme. Unasikia "watatu" kumbe kuna mikono sita na mingine kadhaa ya ziada. Tena hiyo wala si siri, wanaisema wenyewe.

Kwa hiyo mwisho unaousikia kwenye CD unaweza kuwa umeamuliwa miezi baadaye na mtu aliyekaa mezani, anashusha vitufe taratibu. Nimekaa kwenye mitambo muda mrefu, kwaya na dansi, na nakuhakikishia wapigaji wengi hawakumbuki hata walimaliza vipi. Anayekumbuka ni sisi.

Msikilizaji wa Kimara #5

Fundi, nimeandika "wakipanda jukwaani". Soma tena. Ila hoja ya vitufe nimeielewa.

Nguli wa Tandale #6

Hawa si ndio wale mpiga piano wao alikufa akipiga mbizi baharini? Sasa albamu mpya imetoka wapi?

Daktari wa Santuri #7

Nguli, huyo ni mwingine. Aliyefariki akipiga mbizi ni Esbjörn Svensson wa Sweden, tarehe 14 Juni 2008, karibu na Stockholm. Kundi lake liliitwa e.s.t., yeye na Dan Berglund kwenye besi na Magnus Öström kwenye dramu. Watu watatu vilevile, ala zilezile, ndiyo maana watu wanawachanganya.

Na kuna sababu ya pili. Mwaka 2007 e.s.t. wakiwa ziarani Australia waliingia Studio 301, Sydney, wakapiga siku mbili kwa kubuni tu. Humo ikatoka Leucocyte ya 2008, na baadaye 301 ya 2012. Ukisikia "piano, besi, dramu, Sydney, wanabuni", kichwa kinaruka.

Nguli wa Tandale #8

Sawa daktari. Mimi bado naona ni haohao.

Kitasa #9

😂😂 Nguli huwa habadilishwi na ushahidi.

Mzee wa Keko #10

Vijana, mnalizungumza jambo hili kama limeletwa na ndege. Nimepiga gita la ridhimu kwenye bendi hapa mjini miaka hiyo, jina la bendi nalihifadhi.

Wimbo wa dansi una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni mashairi, taratibu, watu wanacheza wawili wawili. Ya pili ni chemko. Hapo magitaa yanashika duara moja fupi na hayatoki. Mimi wa ridhimu nilikuwa narudia kitu kilekile mpaka vidole vinakufa ganzi. Solo anacharaza juu yangu, matarumbeta yanamjibu, tumba inachokoza. Hakuna karatasi. Kwenye mazoezi tulipanga jinsi ya kuingia chemko. Jinsi ya kutoka hatukupanga, kwa sababu hatukujua usiku huo watu watakuwaje.

Aliyekuwa anaamua ni sakafu. Wakijaa na kutoa jasho, tunaendelea. Wakianza kurudi mezani mmoja mmoja, kiongozi anainua kichwa, solo anapiga kile kifungu chake cha kufungia, tunatua. Mkiniuliza nani alifunga nitawaambia solo. Lakini solo alikuwa anasoma viatu vya watu.

Studio ilikuwa kinyume. Radio Tanzania pale Barabara ya Pugu, siku hizi Nyerere, tulipiga wote kwa pamoja, ukikosea mnarudia wote. Fundi nyuma ya kioo anainua mkono, mnajua utepe unaelekea ukingoni. Na ikienda kwenye santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, walikuwa wanakata wimbo katikati, upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili. Ukitaka chemko ukageuze sahani. Kwa hiyo vijana, wakati mwingine kifaa ndicho kilichoamua.

Binti Magomeni #11

Shikamoo mzee. Hii nondo nzito.

Ila hapo kwenye sakafu nina swali. Kwa The Necks hakuna anayecheza. Watu wamekaa kwenye viti, kimya, wengine wamefumba macho. Wanasoma viatu vya nani?

Mzee wa Keko #12

Marahaba binti. Ukumbi uliokaa kimya una kelele zake. Ukohozi, viti, mtu anayetafuta simu. Mpigaji anavisikia vyote hivyo.

Msikilizaji wa Kimara #13

Mzee unanipa raha na unaniangusha hapohapo. Ridhimu wako na tumba ndio waliobeba duara, si solo. Wao wakikata, solo anabaki peke yake angani. Dramu, nimesema.

Mpemba wa Ilala #14

Asalaam alaykum jamaa. Hebu tuje na taarab.

Kwetu kabla ya wimbo mtu mmoja hupiga taksim. Akiwa wa kanuni, akiwa wa udi, akiwa wa fidla, hubuni peke yake palepale, hakuna mapigo ya kumfunga. Huanza chini kwenye sauti ya nyumbani ya maqamu, yaani ile ngazi ya sauti anayoifuata, hupanda, hutembea, pengine huonja maqamu ya jirani, kisha hurudi. Anaposhuka kuja nyumbani kila mtu anajua, hata mtoto aliyekuja na mamake. Watu huanza kusema "Allah, Allah" kabla hajatua. Basi hapo hakuna aliyeamua, ni njia yenyewe ndiyo yenye mwisho.

Nadhani na hao Waaustralia wana njia yao, ila sisi hatuijui ramani.

Daktari wa Santuri #15

Mpemba, nzuri sana, lakini inagoma sehemu moja. Taksim ina safari: unatoka nyumbani, unarudi. Abrahams mara nyingi hatoki. Anakaa kwenye eneo moja la sauti dakika kumi, ishirini, anaongeza noti moja na kuondoa nyingine. Kama mwisho ni kufika nyumbani, basi kipande kimeisha dakika ya kwanza.

Mpemba wa Ilala #16

Mtu anaweza kuwa nyumbani na asiwe amefika, daktari. Muulize mwenye mke mkali.

Kitasa #17

Mpemba ametoka jikoni leo.

Mgogo Halisi #18

Naona wote mnakwepa Dodoma. Aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, na ilimba yake ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, atanielewa. Vyuma vinazunguka duara fupi, zeze linaingia, njuga, sauti ya juu kabisa halafu anazama kifuani. Mtu wa nje anasema wanarudia kitu kimoja. Aliyekaa humo anasikia lafudhi ya pigo ikihama. Mwanzo ulidhani mzunguko unaanzia hapa, baada ya muda unaanzia pale, na hakuna aliyegusa kitu.

Kwa hiyo mimi siamini kama kuna anayeamua. Mzunguko ukishageuka mara zake, sikio linashiba. Wanashiba pamoja kwa sababu wanakula sahani moja.

Vitufe na Nyaya #19

Mnazunguka sana. Jibu ni CD.

Albamu yao ya kwanza, Sex, ilitoka 1989, kipande kimoja cha karibu saa nzima. LP, ile santuri kubwa, upande mmoja unabeba dakika ishirini na kitu, ukizidisha sauti inakonda. CD inabeba 74 bila kugeuza. Hawa wamezaliwa na CD ndiyo maana wanapiga urefu wa CD. Na hiyo 74 yenyewe iliwekwa ili Simfoni ya Tisa ya Beethoven ienee.

Daktari wa Santuri #20

Hiyo ya Beethoven ni hadithi tamu inayosimuliwa mno. Kees Immink, mmoja wa wahandisi wa Philips waliokuwa ndani ya kazi ile, ameipinga kwa maandishi. Anaeleza kuwa ukubwa wa sahani ulikuwa mvutano wa kibiashara. Philips na PolyGram walikuwa tayari kwa sahani ya sentimita 11.5, Sony akataka 12 ili mwenzake asianze mbio akiwa mbele.

Na nadharia yako ya CD haiwezi kueleza Bleed ya 2024. Kipande kimoja, dakika arobaini na kidogo. Nafasi ya karibu nusu saa ilibaki, kwa nini hawakuijaza?

Vitufe na Nyaya #21

Na Unfold ya 2017? LP mbili, pande nne, kila upande kipande kimoja, na pande hazikupewa namba ili msikilizaji aanze anapotaka. Na Travel ya 2023, vipande vinne vya karibu dakika ishirini kila kimoja. Wakipewa LP wanapiga urefu wa LP. Unanisaidia bila kujua, daktari.

Fundi Mitambo #22

Hapo Vitufe ana hoja. Mzee wa Keko naye kashasema habari ya utepe na mkono wa fundi. Wapigaji wanapenda kudai "muziki ulituambia tuishie hapa". Muziki haujawahi kuniambia chochote. Saa ya ukutani ndiyo inayoniambia.

Prodyuza wa Mburahati #23

Kama ni vifaa basi tuje leo. Kwenye Spotify mtu akipitisha sekunde 30 imehesabiwa imesikilizwa mara moja. Basi. Dakika moja ni moja, dakika 74 ni moja. Wangekuwa wanaamuliwa na kifaa, Ghost Net ingekatwa vipande thelathini na kila kimoja kipewe jina lake. Hawa wanapoteza hela kwa makusudi na nawaheshimu.

Kwetu kwenye singeli mambo ni mafupi kwa sababu hakuna mwili unaovumilia. Ukiwa juu ya mapigo 200 kwa dakika, MC ndiye anayekata, kwa sababu yeye ndiye anayeishiwa pumzi. Mashine haichoki. Kwa hiyo kwenye uzi huu nasimama na mwili: anayechoka kwanza ndiye anayeamua. Na kati ya piano, besi na dramu mnajua nani anachoka kwanza.

Msikilizaji wa Kimara #24

PRODYUZA. Asante. Dramu.

Binti Magomeni #25

Mleta mada anaokota kila kinachomfaa, vingine anavipita kama havioni 😂

Hoja ya mwili ina tatizo. Tony Buck anaweza kukaa dakika ishirini anasugua sahani moja tu ya dramu kwa fimbo. Hapo achoke nini? Besi wa mbao ndiye mwenye kazi, nyuzi nene, vidole vitupu.

Mpenda Besi #26

Hatimaye mtu kaisema besi. Nilikuwa nasoma kwa uchungu.

Mwalimu Kibangu #27

Naongeza kitu ambacho hakijatajwa: ajali. Mpiga piano Keith Jarrett alipiga peke yake kwenye jumba la opera la Cologne, Ujerumani, tarehe 24 Januari 1975. Hakukuwa na kitu kilichoandikwa, na piano aliyoletewa ilikuwa mbovu. Noti za juu zilikuwa nyembamba, za chini hazikuwa na mwili, na pedali zilikuwa na hitilafu. Aliyeandaa, Vera Brandes, alikuwa na miaka 18. Jarrett akalazimika kukaa katikati ya kibodi na kurudiarudia mkono wa kushoto ili kuipa piano mdundo isiokuwa nao. Ikawa moja ya rekodi za piano zilizouzwa kuliko nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani anaamua, ulizeni piano ya siku hiyo ilikuwaje. The Necks wakizunguka dunia Abrahams habebi piano, anakuta ya ukumbi. Kila usiku inamjibu tofauti. Unaweza kusema piano ni mtu wa nne.

Nguli wa Tandale #28

Na huyo wa Cologne ndiye aliyezama?

Kitasa #29

Mods, naomba Nguli apewe mapumziko ya wiki.

Mama Nasra #30

Mimi siwajui hao wote, nimefuata kichwa cha habari. Lakini ukichemsha maharage huangalii saa, unasikia sufuria imebadilika sauti. Miaka karibu arobaini pamoja hawawezi kusikia sufuria? Ni mazoea tu.

Daktari wa Santuri #31

Mama Nasra, mazoea ni hoja ya nguvu, na inaungwa mkono na jambo moja: walipoanza 1987 walikuwa wanakutana wapige wenyewe kwa wenyewe, bila nia ya kupanda jukwaani. Walijifunza kusikilizana kabla ya kusikilizwa.

Lakini angalia upande wa pili. Mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili, Scott LaFaro na Paul Motian, walianza pamoja 1959. Juni 25, 1961 wakarekodiwa klabu ya Village Vanguard, New York, na mpaka leo watu wanaitaja siku hiyo wakitaka mfano wa watu watatu wanaosikilizana mpaka hujui nani anamfuata nani. LaFaro akafa kwa ajali ya gari tarehe 6 Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 25. Hawakufikisha hata miaka miwili vizuri. Mazoea yalipatikana wapi?

Mpenda Besi #32

LaFaro alikuwa mpiga besi. Naacha hapo.

Mama Nasra #33

Kuna maharage yanayoiva haraka, mwanangu.

Mlugaluga #34

Uzi umefika ukurasa wa pili hatujapigana. Nani anakumbuka mabishano ya Sikinde na Msondo?

Kitasa #35

Usianze. Sikinde.

Mzee wa Keko #36

Kijana, mwimbaji Gurumo alikuwa NUTA Jazz, ndiyo Msondo yenyewe, tangu 1964, mwaka 1978 akawa kati ya walioisimamisha Mlimani Park, hiyo Sikinde yako, na baadaye akarudi kulekule alikotoka. Mwimbaji mwenyewe alikaa pande zote mbili, wewe mshabiki unang'ang'ania nini?

Kitasa #37

Mzee, nakuheshimu. Sikinde.

Msikilizaji wa Kimara #38

Turudi kwenye mada wakuu. Nimesoma zote. Mpaka sasa tuna dramu, besi, sakafu, fundi, CD, maqamu, mzunguko kushiba, kuchoka, piano mbovu na maharage. Hakuna aliyenitoa kwenye dramu.

Mzee wa Keko #39

Basi nikupe kisa kimoja nilale. Tuko ukumbini usiku, chemko imepamba moto, umeme ukakatika. Magitaa yote matatu kimya palepale, maiki kimya, kinanda kimya. Tumba ikaendelea, dramu ikaendelea, matarumbeta nayo yakaendelea, maana hayo hayachomekwi popote. Watu hawakukaa. Wakaanza kuimba wenyewe sehemu ya gita kwa midomo, gizani. Tulikwenda hivyo muda mrefu kuliko ambavyo tungekwenda na umeme. Mpiga tumba alidai mpaka anazeeka kwamba siku ile yeye ndiye aliyefunga wimbo. Mpuliza tarumbeta naye alidai hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimesimama na gita bubu, na niliona wote wawili wameacha kwa sababu mwenye ukumbi alitokea na taa ya chemli.

Msikilizaji wa Kimara #40

Mzee! Magitaa yalikufa, tumba na dramu zikabeba. Nifungie uzi hapahapo.

Binti Magomeni #41

Amesema mwenye ukumbi na chemli. Unasoma nusu nusu.

Fundi Mitambo #42

Tena kisa hicho hakikufai kabisa mleta mada. Piano ya Abrahams haina nyaya, dramu ya Buck haina nyaya, na besi la mbao linasikika hata bila spika. Umeme ukikatika kwa The Necks hakuna anayenyamaza, wote watatu wanabaki na swali lako lilelile. Usipojibu hilo dramu yako haina mashiko.

Msikilizaji wa Kimara #43

Nipe mpaka Jumatatu, bando limeisha.

Nguli wa Tandale #44

Mimi nasema kinanda.